Stelingi Hafi

Mara ya kwanza kumwona Bruce Lee akifa, niliambiwa ametoroka.

Ilikuwa katika kibanda umiza kimoja cha Soweto, Mbeya, katikati ya miaka ya 2000. Kama hukuwahi kuingia kibanda umiza, fikiria chumba cha mabanzi, madirisha yamezibwa kwa turubai, TV ya kichogo juu ya meza, deki chini yake, na mabenchi ambayo baada ya filamu mbili yanakueleza vizuri kwa nini mahali pale panaitwa umiza. Kiingilio kilikuwa shilingi 100. Mtoto mwenye 50 alikaa chini, mbele kabisa, shingo juu. Mwezi wa sita na wa saba tulijaa zaidi, kwa kuwa mle ndani kulikuwa na joto la watu, na baridi ya Mbeya haimwonei huruma mtoto wa kaptula.

Mkanda ulikuwa Fist of Fury, wa mwaka 1972. Mwishoni Chen Zhen, akiwa ameshalipa kisasi cha mwalimu wake, anatoka nje na kukuta bunduki zimempangia mstari. Anazikimbilia, anaruka, na picha inaganda akiwa hewani. Risasi zinalia. Basi. Lakini sisi hatukuzisikia vizuri, maana kijana aliyekuwa akitutafsiria, tuliyemwita Dijei tu, alipaza sauti juu yake: "Karuka ukuta huyo! Wamemkosa! Mtamwona Part 2!" Tulishangilia mpaka mwenye kibanda akagonga mabati. Tukatoka nje tukirushiana mateke.

Nilikuwa chuoni nilipoitazama tena, peke yangu, kwenye kompyuta, bila mtafsiri. Nilirudisha nyuma mara tatu nikiutafuta ule ukuta.

Dijei alikuwa akilinda sheria ambayo kila aliyekulia kwenye vibanda anaijua: stelingi hafi. Neno lenyewe tulilichota kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu, pale panapoandikwa "starring" kabla ya jina la mwigizaji mkuu, tukalifanya letu. Stelingi anaweza kupigwa, kufungwa, kuuawa mke na mwanawe, kutobolewa bega kwa risasi. Bega ndilo hasa. Sijui ni mabega mangapi ya mastelingi yaliyotobolewa mbele ya macho yangu kabla sijamaliza darasa la saba. Kufa, hapana.

Kilichonivutia baadaye, nilipoanza kusoma historia, ni jinsi sheria hiyo ilivyonusurika kila ilipovunjwa. Titanic ya 1997 ilifika, Jack akaganda kwenye maji na kuzama. Kibanda kizima kilinyamaza, kisha mtu wa nyuma akatoa hukumu: "Kwani nani kawaambia Jack ndiye stelingi? Stelingi ni Rose." Ikawa hivyo. Kwenye Sholay ya 1975 Amitabh Bachchan anakufa mikononi mwa rafiki yake, na waliokuwa wamemshabikia kwa saa tatu wakahamia kwa Dharmendra bila aibu. Sheria haikushindwa hata siku moja, kwa sababu stelingi tulimteua baada ya mechi kwisha: aliyebaki hai ndiye. Nimekutana na mtindo huohuo kwenye vitabu vyenye jalada gumu.

Hollywood nayo inaijua. Katika riwaya ya David Morrell ya 1972, Rambo anakufa. Walipoitengenezea filamu, First Blood ya 1982, walipiga kabisa picha za kifo chake, wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakachukia. Mwisho ukabadilishwa: Rambo analia kama mtoto, anatolewa akiwa hai. Kama wale watazamaji wasingenuna, kusingekuwa na Rambo ya 1985 wala ya 1988, zile za mishale yenye baruti ambazo ndizo zilizopendwa vibandani. Filamu ya kwanza, yenye mwanajeshi aliyeharibiwa na vita vya Vietnam, tuliiona imepoa. Dijei wetu, basi, sikumwona tena kuwa mwongo. Alifanya kazi ileile ya watayarishaji wakubwa, kwa bei ya shilingi 100.

Wala hakuwa peke yake. Jijini Dar es Salaam Lufufu alikuwa amekwisha kuugeuza utafsiri huu kuwa kazi ya jina: sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu za nje, kanda zikasafiri mikoani. Madijei wa vichochoroni walimwiga yeye, nasi tukawaiga wao. Mtafsiri mzuri hakutafsiri maneno. Aliwapa wahusika majina ya mtaani, aliwagombeza, aliwatahadharisha watazamaji, na palipokuwa na ukimya alijaza.

Kabla ya stelingi wa bunduki tulikuwa na mshamba. Mwaka 1952 ilitengenezwa Tanganyika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogomchungu, ya mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kulaghaiwa na wajanja wa mjini. Serikali ya kikoloni ilipenda sana hadithi ya namna hiyo. Mafunzo yake yalikuwa wazi mno: mtu wa bara, kaa kwenu. Aliyemwigiza mshamba huyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, na Januari 1962 mshamba akawa Waziri Mkuu. Sijui kama kuna muendelezo wa filamu unaoweza kuushinda huo. Kumbi za sinema za miji yetu, Iringa na Mbeya zikiwemo, zilileta pia picha za Kihindi, zenye mapumziko katikati, ambapo mtazamaji anatoka kununua karanga huku shujaa akiwa kwenye shida kubwa kuliko zote. Wazazi wetu walizoea kuachwa njia panda kwa dakika kumi. Sisi tuliachwa kwa wiki mbili.

Maana filamu za Kibongo, tangu zilipotapakaa mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuja zimekatwa vipande viwili. Hadithi moja, waigizaji walewale, nguo zilezile, sahani mbili, bei mbili. Hii haikuwa Rambo, ambapo hadithi moja inaisha na nyingine inazaliwa. Hapa kisu kilipita katikati ya sentensi: mama mkwe anafungua mlango wa chumba, macho yanamtoka, muziki unapanda, "Itaendelea". Wanigeria walitutangulia kwa Living in Bondage, ya 1992 na ya pili 1993, na wakubwa wa Harry Potter waliikata hadithi yao ya mwisho vipande viwili, 2010 na 2011, kwa hesabu ileile ya mwenye duka. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na hadithi ndefu ya kukata. Wetu wengi walikuwa na hadithi ya saa moja na nusu iliyotakiwa kujaza saa tatu, na ndiyo maana tulilitazama geti likifunguliwa taratibu, gari likiingia taratibu, mtu akishuka, akifunga mlango, akipanda ngazi, akirudi kuchukua simu aliyoisahau kwenye gari. Tuliwacheka sana. Lakini fedha ya tiketi za sinema haikuwepo, fedha ya televisheni ilikuwa kidogo, na sahani moja iliharamiwa siku ileile ilipotoka. Ukiuza hadithi mara mbili, labda mara moja utalipwa.

Ukitaka kuujua ukatili wa Part 2, panda basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya. Konda anaweka filamu mkishavuka Mikumi. Part 1 inakwenda nanyi Ruaha Mbuyuni, inapanda Kitonga huku roho mkononi, na mara nyingi inaisha mkiikaribia Iringa. Abiria wa Iringa wanashuka na mama mkwe bado kashika kitasa. Wa Mbeya wanabaki na kilomita zaidi ya 300, Mafinga, Makambako, Chimala, na mwisho wa hadithi. Nina binamu Iringa ambaye hadi leo hajui mama mkwe aliona nini.

Kisha stelingi akafa.

Steven Kanumba alifariki Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, mkesha wa Pasaka, akiwa na miaka 28. Habari zilifika Mbeya kwa redio na simu kabla ya chai, na nakumbuka majirani waliosimama nje na vikombe mikononi wakibishana kama ni mbinu ya kutangaza filamu mpya. Tulikuwa tumemzoea akifa na kuamka kwenye sahani ya pili. Jumanne alizikwa Kinondoni, baada ya umati wa kutisha kumuaga viwanja vya Leaders. Kazi alizokwisha kuigiza ziliendelea kuuzwa baada ya hapo, kama Game of Death ilivyotoka 1978, miaka mitano baada ya Bruce Lee kufa, ikitumia watu wa kufanana naye waliofichwa nyuma ya miwani mikubwa, na hata picha za mazishi yake halisi. Dada yangu alikuwa amenunua Mwanjelwa Part 1 ya filamu moja ya Kanumba wiki ile. Part 2 hakuinunua. Mama alipomuuliza, alisema, "Nikiimaliza, atakuwa amekwisha kweli." Ile Part 1 bado ipo nyumbani, kwenye droo ya kabati.

Huku kwetu wafu hawaishi kirahisi hivyo. Wanyakyusa wa Rungwe waliwaita wafu wa ukoo abasyuka, na neno hilo lilipata kufika hadi kwenye kava za video: Mussa Banzi alitengeneza filamu ya kutisha aliyoiita Nsyuka. Mjini ikawa jini la kutia watoto hofu. Kwa bibi zetu abasyuka walikuwa watu unaowadai mvua, nao wanakudai heshima.

Nayasema haya kwa sababu somo langu la shahada ya uzamili ni Mkwawa, na miezi ya kwanza nilishindwa kuliandika. Nilianza kwa bidii: Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wanakivamia kikosi cha Emil von Zelewski na kumuua yeye mwenyewe. Hapo kibanda kingepasuka kwa kelele. Oktoba 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga na kuiteka ngome ya Kalenga. Stelingi anatorokea msituni, sawasawa, bega limetobolewa. Miaka minne ya kuwindwa, zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Halafu Mlambalasi, 19 Julai 1898, anajipiga risasi ili asikamatwe. Kila nilipofika hapo kalamu ilitafuta ukuta. Niliandika "hakushindwa", nikafuta. Niliandika "aliendelea kuishi mioyoni mwa watu", nikaona haya. Alikuwa Dijei akinisemea.

Na Part 2 ipo, ila waliitengeneza wengine. Kichwa kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu, haikulirudisha. Gavana Edward Twining ndiye aliyelitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen, kati ya mafuvu mengi, akalitambua kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya jamaa wa Mkwawa, na kulikabidhi Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wakati ule Waingereza walikuwa wakipigana na Mau Mau Kenya, na gavana alihitaji marafiki Uhehe. Wanahistoria wamelitilia shaka fuvu lile tangu zamani. Huenda ni la mtu mwingine kabisa, mwenye miwani mikubwa. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ikaanzishwa, na vitabu vyetu vikahamia kwa stelingi mpya, aliye hai.

Seko Shamte ameitengenezea hadithi hii filamu, Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa, na ninafurahi kwamba ipo. Bado najiuliza Dijei wa Soweto angeitafsirije. Nilimtafuta mwaka jana. Siku hizi anauza vifaa vya simu Mwanjelwa. Nilimkumbusha Fist of Fury. Alicheka. "Mdogo wangu, nilijua kafa. Lakini mlikuwa mmekaa chini kwenye vumbi, wengine hamjala. Ningewaambieni nini?"

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Dar kwenda Kalenga kuangalia tena kumbukumbu za makabidhiano. Konda aliweka filamu. Geti lilifunguliwa taratibu. Tulipita Ilula, kisha Lugalo, ambapo kuna mnara ambao Wajerumani waliwajengea wafu wao. Niligeuza shingo kuutazama. Mama niliyekaa naye alidhani nimechoka na picha.

"Vumilia, mwanangu," aliniambia, "huyu mwenye shati jeupe ndiye stelingi. Hatakufa."

Ipogoro nilishuka. Nikiwa nasubiri begi langu kwenye buti, nilimsikia konda juu akiuliza nani ameiona Part 2, na abiria wa Mbeya wakimwambia aiweke haraka.