Mashini ya Boti Ikikosa Nguvu: Anza na Mafuta, Silinda Iwe Mwisho

Msimu wa kusi uliopita nilitoka Faza kuja Amu na abiria tisa, mmoja wao mgonjwa akienda hospitali. Mashini yangu ni ya zamani, ya farasi 40, ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Iliwaka vizuri, tukaondoka. Baada ya robo saa ikaanza kulegea. Resi nimeifungua yote, lakini tezi imezama na boti yajikokota. Tulipofika Mkanda maji yalikuwa yashakupwa, tukakwama kwenye tope. Mgonjwa alipelekwa kwa kihori hadi penye kina, boti nyingine ikamchukua. Sisi tukangoja maji yajae.

Niliporudi nilinunua plagi, kisha koili, kisha kabureta ya mtumba. Pesa ya wiki tatu ikaenda, na kosa likabaki pale pale. Mwisho ikaonekana ni mpira wa mafuta. Kwa nje ulikuwa mzima, lakini ndani ngozi yake ilikuwa imebambuka, na kila mashini ikivuta kwa nguvu ngozi ile ilijifunga. Nawaandikia manahodha wenzangu utaratibu ambao ungeniokoa: anza na kisicho na gharama, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha jaribu tena.

Kwanza: je, ni mashini kweli?

Sikiliza mlio. Mashini ikilia kwa kasi kubwa lakini boti haisukumwi, tazama rafadha. Huenda imenasa kamba au nyavu, imepinda, au mpira wa ndani yake umechoka na wateleza. Chora mstari wa chaki kutoka kitovu hadi sehemu ya nje ya rafadha, nenda mwendo mfupi, kisha zima uangalie. Mistari ikiachana, mpira umekwisha.

Mlio ukiwa mzito na wa chini, angalia mzigo, maji ya ngama, na majani na magamba yaliyoganda chini ya boti. Kisha, mashini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko na umwambie mwenzako azungushe resi hadi mwisho. Mlango wa kabureta usipofunguka wote, kosa ni waya wa resi uliolegea.

Pili: mafuta

Dalili yake ni mashini kuanza vizuri kisha kufifia. Ikianza kulegea, kamua kile kipira cha mafuta kwa mkono. Nguvu ikirudi, mafuta hayafiki ya kutosha. Sasa tazama kipira chenyewe. Kikiwa kimebonyea, kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi: tundu la hewa la kifuniko limefungwa, chujio la ndani ya tangi limeziba, au mpira umebambuka kama wangu. Kisipobonyea, shuku pampu ya mafuta, ambayo ngozi yake hutoboka kwa uzee, au kiungo kinachovuta hewa. Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kuazima tangi na mpira wa mwenzako. Mashini ikipona, umeshajua ugonjwa uko wapi.

Kukamua kusiposaidia, vuta choki kidogo tu mashini ikiwa kwenye resi. Ikichangamka, inakosa mafuta ndani ya kabureta, na huenda tundu dogo la kabureta limeziba kwa uchafu au mafuta yaliyolala. Kabureta ioshwe, si lazima inunuliwe nyingine. Maji ndani ya petroli pia ni adui: mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Maji hukaa chini.

Angalia na mchanganyiko wako. Mashini nyingi za aina hii hutaka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Nyingine za zamani zaidi hutaka oili zaidi, kwa hivyo fuata kitabu cha mashini yako.

Tatu: moto wa plagi

Toa plagi zote, uzipange kwa mfuatano wa silinda. Rangi ya hudhurungi ni afya. Nyeusi yenye majimaji ni silinda isiyochoma vizuri. Nyeupe ni hatari: silinda hiyo ina joto kupita kiasi na yakosa mafuta. Kumbuka oili yetu husafiri ndani ya petroli, kwa hivyo silinda inayokosa petroli yakosa na oili. Ukizidi kuilazimisha kwa resi, pistoni huungua. Ndipo kosa la mpira wa mafuta linapogeuka kuwa kununua mashini nyingine.

Ili kujua silinda iliyolala, funga boti gatini na uzime mashini. Toa waya wa plagi moja, utie plagi ya akiba kwenye kichwa chake, na uifunge plagi hiyo kwenye chuma cha mashini, mbali na petroli. Usiache waya ukining'inia, waweza kuua sehemu za umeme. Washa, sikiliza, zima, kisha fanya upande wa pili. Silinda ambayo ukiitoa mashini haibadiliki ndiyo isiyofanya kazi.

Nne: maji ya kupoza

Yale maji yanayotoka ubavuni yakiwa dhaifu, zima. Raba ya pampu ya maji imechakaa au chumvi imeziba njia. Usiwashe mashini nje ya maji hata kwa kujaribu. Raba hiyo huungua upesi. Tumia pipa la maji, rafadha ikiwa imetolewa, mahali penye hewa.

Mwisho: silinda

Hayo yote yakiwa sawa, mwite fundi mwenye kipimo cha mgandamizo. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, ringi au pistoni imekwisha. Hapo ndipo pesa kubwa inapohitajika, wala si kabla.

Mimi sasa hubeba mpira wa akiba, plagi mbili, spana yake na makasia. Na mashini ikilegea sikazi resi. Hupunguza mwendo, nikashika kipira cha mafuta, na nikiona maji yanakupwa, hurudi nilikotoka kabla sijaingia Mkanda.