Origene na kanuni ya kwanza ya Nisea

Novemba 28, 2025, Papa Leo XIV na Patriarki Bartolomayo wa Konstantinopoli walisali pamoja Iznik, mji mdogo wa Uturuki ambao zamani uliitwa Nisea, kuadhimisha miaka 1700 ya mtaguso wa mwaka 325. Sifa zote zilikwenda kwa Nasadiki, ungamo la imani la mtaguso huo, na inastahili. Lakini maaskofu wale walipitisha pia kanuni 20 za nidhamu, na ile ya kwanza kabisa inawahusu makasisi waliojihasi kwa hiari yao.

Kwa Warumi, mwanamume kamili alikuwa na mke, watoto na kauli ya mwisho nyumbani. Kaisari Augusto alilitilia hilo nguvu ya sheria kuanzia mwaka 18 KK: makapera walibanwa kwenye mirathi. Towashi alidharauliwa, hata kama alikuwa tajiri na mwenye sauti ikulu. Ndipo Wakristo wakaja na Mathayo 19, ambapo Yesu anawataja matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni. Wengi walilielewa neno hilo kuwa ni useja. Wapo waliochukua kisu.

Yustino Mfiadini, akiandika katikati ya karne ya 2, anasimulia habari za kijana wa Aleksandria aliyeandika barua kwa liwali Feliki, akiomba daktari aruhusiwe kumhasi. Sheria ilikataza kuhasi watu bila kibali. Liwali alikataa, kijana akabaki mseja. Yustino anaisimulia kwa fahari, kuwaonyesha wapagani kwamba Wakristo si wazinzi.

Ila kisa kilichowasha moto ni cha Origene, mwanateolojia wa Aleksandria. Baba yake, Leonide, aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 202 hivi. Kijana akataka kumfuata, na mama yake akaficha nguo zake zote asiweze kutoka nje. Muda si mrefu Origene akawa mwalimu wa dini, akifundisha wanaume na wanawake. Eusebi wa Kaisarea, mwanahistoria wa Kanisa, anasema hapo ndipo alipojihasi, ili asisingiziwe na mtu. Alijaribu kulificha tendo hilo, lakini askofu wake, Demetrio, akapata habari. Akamsifu kwa ujasiri wake, akamhimiza aendelee kufundisha.

Miaka ikapita, jina la Origene likavuma. Maaskofu wa Kaisarea na Yerusalemu wakampa upadri bila kumshirikisha Demetrio. Hapo siri ya zamani ikageuka silaha: Demetrio yuleyule akawaandikia maaskofu kila mahali kulishutumu tendo alilokuwa amelisifu. Eusebi anadokeza kuwa ulikuwa wivu, na ni vigumu kumbishia. Baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka kisa chenyewe, maana Origene uzeeni, akifafanua Mathayo, aliwapinga waliolichukua neno lile kama lilivyo.

Mwanahistoria Peter Brown, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu mwili na useja, anaona kilichowashtua watu: mtu wa namna hiyo alivuruga mpaka kati ya mwanamume na mwanamke, uliodhaniwa haugusiki.

Nisea ilikata shauri kwa busara. Aliyehasiwa na madaktari kwa ugonjwa, au na washenzi, au na bwana wake utumwani, anaweza kuwa kasisi. Aliyejikata akiwa mzima, hapana. Hata hivyo Leonsio, aliyevuliwa upadri kwa kosa hilohilo, baadaye akawa askofu wa Antiokia. Karne ya 9 Konstantinopoli ilikuwa na patriarki towashi, Ignasio, na Roma iliwatumia waimbaji waliohasiwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Siku hizi semina za wanaume makanisani zinafundisha uanaume wa mke, watoto na kauli ya mwisho nyumbani, kana kwamba Wakristo wa kwanza hawakujua mwingine. Huo ungemfurahisha Augusto. Waandaaji waisome kanuni ile ya kwanza kabla ya kupanda jukwaani. Ni aya moja tu.