Kipimo cha Mtiririko wa Damu Kwenye Figo: Yanayopaswa Kufahamika na Wakazi wa Tarime na Serengeti

Figo mbili za mtu mzima hupokea kati ya moja ya tano na robo ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi kidogo ya lita moja kwa kila dakika, ingawa uzito wa zote mbili kwa pamoja haufiki nusu kilo. Damu hiyo huingia kupitia ateri zinazochipuka kwenye aota, mshipa mkuu unaoshuka kutoka moyoni, na kutoka kupitia vena. Ateri ya figo ikisinyaa, figo hutafsiri upungufu huo kana kwamba mwili mzima umepungukiwa damu, na huanzisha mfululizo wa kemikali unaopandisha shinikizo la damu. Mgonjwa anaweza kumeza dawa za presha kwa miaka bila nafuu ya kutosha, kumbe chanzo kiko kwenye mshipa wenye upana wa milimita chache tu.

Altrasaundi ya Dopla ndiyo njia nyepesi ya kuuchunguza mshipa huo bila kuchoma sindano wala kutumia mionzi. Kwa wilaya za Tarime na Serengeti, zinazotenganishwa na Mto Mara, kipimo hiki kina uzito wa pekee. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa kufanya kazi kwa kawaida huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na huduma hiyo haipatikani katika zahanati ya kijijini. Kwa familia ya Mugumu au Nyamongo, hali hiyo huweza kumaanisha kuhama makazi.

Namna kinavyofanya kazi

Msingi wa kipimo ulielezwa mwaka 1842 na mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler. Aliyesimama kando ya barabara ya Musoma hadi Sirari huusikia bila kujua: honi ya basi linalokuja huwa nyembamba, na likishapita huwa nzito, ilhali dereva hakubadilisha chochote. Mashine hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, nayo hugonga chembe nyekundu za damu na kurudi. Kwa kupima tofauti kati ya wimbi lililokwenda na lililorudi, mashine hukokotoa kasi ya damu na upande inakoelekea. Kwenye kioo, damu inayoisogelea mashine kwa kawaida huonyeshwa kwa rangi nyekundu na inayokwenda mbali kwa buluu. Rangi hizo hazina uhusiano na damu safi au chafu, kama wagonjwa wengi wanavyodhani.

Mahali penye usinyaaji damu hukimbia kwa kasi zaidi, kama maji ya mto yanavyokazana kwenye mlango mwembamba wa mawe. Kasi ya juu katika ateri ya figo yenye afya huwa chini ya sentimita 180 kwa sekunde. Ikivuka kati ya sentimita 180 na 200, mtaalamu huanza kushuku usinyaaji. Huilinganisha pia na kasi ya damu ndani ya aota. Kasi ya ateri ya figo ikizidi mara tatu na nusu ya kasi ya aota, hiyo ni dalili ya usinyaaji wa asilimia 60 au zaidi.

Ndani ya figo yenyewe hupimwa kiwango cha ukinzani. Kasi ya chini, pale moyo unapopumzika, hutolewa katika kasi ya juu, kisha jibu hugawanywa kwa kasi hiyo ya juu. Mfano, kasi ya juu ikiwa sentimita 100 kwa sekunde na ya chini 35, ukinzani ni 0.65, na hilo ni jibu la kawaida kwa mtu mzima. Kiwango kinachozidi 0.7 huashiria kwamba mishipa midogo ya figo imekakamaa au kuna kizuizi, japo kwa wazee na watoto wachanga namba kubwa zaidi si lazima iwe ugonjwa. Urefu wa figo huzingatiwa pia. Figo ya mtu mzima huwa na sentimita 9 hadi 12, na moja ikiwa fupi kuliko nyingine kwa zaidi ya sentimita moja na nusu, ni lazima sababu itafutwe.

Nani hupelekwa kupimwa

Si kila mwenye presha anahitaji kipimo hiki, na kukidai bila sababu ni kupoteza fedha. Daktari hukifikiria kwa mgonjwa ambaye shinikizo halishuki licha ya kumeza kwa uaminifu dawa za aina tatu au zaidi; kwa kijana, hususan mwanamke, aliyepata presha kali kabla ya miaka 30; kwa mtu mzima ambaye presha iliyokuwa tulivu imepanda ghafla; na kwa yule ambaye kreatinini, taka inayopimwa kwenye damu ili kujua utendaji wa figo, imepanda mara baada ya kuanzishiwa dawa za kundi la kaptopili. Ishara hii ya mwisho ni muhimu, kwa kuwa huweza kuonyesha kwamba ateri za figo zote mbili zimesinyaa. Hupimwa pia anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda kwenye vena ya figo, na kila aliyepandikizwa figo. Tanzania ilianza upandikizaji huo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017, ikifuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018.

Lipo kundi ambalo kipimo hiki hakilitoshi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tarime wanaoshika au kuvuta mvuke wa zebaki wamo katika hatari ya kuharibu vichujio vya figo, na madhara hayo huanza kuonekana kwenye mkojo na damu, wakati ateri zikiwa bado salama. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaomeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya maumivu ya mgongo, na kwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa ulioenea Kanda ya Ziwa. Kwa wote hao, kipimo cha mkojo cha kutafuta protini ni cha bei nafuu, hufanyika hata katika kituo cha afya, na ndicho kinachopaswa kutangulia.

Ngazi za rufaa

Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali iliyo Tarime mjini, Nyamwaga au Mugumu. Akihitaji uchunguzi wa juu zaidi, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, Musoma, na baada ya hapo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza.

Hapa ipo hadhari moja. Altrasaundi inayotumika kila siku kuangalia mimba na tumbo huonyesha umbo la figo, mawe na uvimbe. Jibu la “figo zote ziko sawa” lililotokana na mashine hiyo halina maana kwamba mishipa imepimwa. Kupima mishipa huhitaji mashine yenye Dopla, muda wa nusu saa hadi saa nzima, na mtaalamu aliyezoea, maana ateri hizi zimo ndani sana na ya kulia hupita nyuma ya vena kuu. Barua ya rufaa inapaswa kutaja kipimo kwa jina lake, na ni busara kupiga simu hospitali inayokusudiwa kabla ya kupanda gari.

Maandalizi

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni gesi ya utumbo, kwa kuwa mawimbi ya sauti hayapiti kwenye hewa. Mgonjwa hutakiwa kukaa bila chakula saa sita hadi nane, na ni vema ajiepushe na maharage, maziwa na soda tangu siku iliyotangulia. Dawa za presha huendelea kumezwa kwa maji kidogo, isipokuwa daktari ameelekeza vingine. Mwenye kisukari apate maelekezo ya dawa zake kabla ya kufunga, na aombe kuwekwa miongoni mwa watu wa kwanza asubuhi. Wakati wa kupimwa, mgonjwa hupakwa jeli tumboni na ubavuni, hugeuzwa upande huu na ule, na huambiwa abane pumzi mara kwa mara. Hakuna maumivu.

Usinyaaji ukigundulika, hatua inayofuata hutegemea chanzo. Kwa kijana ambaye ukuta wa ateri umekua isivyo kawaida, kuupanua mshipa kwa puto dogo mara nyingi huleta nafuu kubwa. Kwa mzee ambaye ateri imezibwa na mafuta hali ni tofauti: utafiti wa CORAL, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wagonjwa 947, ulionyesha kwamba kuweka kibomba cha kutanua ateri hakukuleta faida zaidi ya dawa pekee katika kuzuia vifo, maradhi ya moyo na kushindwa kwa figo. Wengi wao hubaki kwenye dawa za presha na za kupunguza mafuta, na kuacha tumbaku.

Mgonjwa anayerejea Tarime au Mugumu aombe nakala ya ripoti yenye namba za kasi, ukinzani na urefu wa kila figo, kwa kuwa daktari wa wilaya atazihitaji kuzilinganisha na za kipimo kitakachofuata.