Kitunguu Saumu Ndani ya Chupa ya Mafuta

Akina mama wengi siku hizi wananunua mafuta ya zeituni, na wengine huyatia kitunguu saumu, pilipili au majani ya rozimeri ili watoto wachovye mkate. Ni chakula kizuri, lakini kina historia ambayo kila mpishi anafaa kuijua.

Huko Toscana, nchini Italia, mkate huchomwa, husuguliwa kwa punje mbichi ya kitunguu saumu, kisha humiminiwa mafuta na kuliwa papo hapo. Hakuna cha kuweka. Taabu huja pale kitunguu kinapokatwakatwa, kikatiwa ndani ya mafuta, na chupa ikakaa kwenye rafu kwa majuma au miezi.

Mwaka 1985, mjini Vancouver, Canada, watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mkahawa mmoja. Kope zililegea, ulimi ukawa mzito, kumeza kukawa shida. Wengi wao mwanzoni walidhaniwa kuwa na magonjwa mengine, hata ya akili! Uchunguzi ulifika kwenye kitunguu saumu kilichohifadhiwa katika mafuta ya soya. Chupa zilitakiwa kukaa kwenye friji, nazo zilikuwa zimeachwa nje. Mwaka 1989 watu 3 waliugua katika jimbo la New York, na safari hii mafuta yalikuwa ya zeituni. Ndipo serikali ya Marekani ikawaagiza watengenezaji watie asidi katika bidhaa hizo.

Ugonjwa huo ni botulizimu. Kijidudu chake kiligunduliwa na Emile van Ermengem wa Ubelgiji, baada ya wanamuziki kula nyama ya nguruwe kwenye mazishi mwaka 1895 na kuugua. Mbegu zake hukaa udongoni, na kitunguu saumu hutoka udongoni. Hata maji yanayochemka hayaziui. Zikifunikwa na mafuta hukosa hewa, na hapo ndipo huamka na kutoa sumu. Mafuta hayatanuka wala kubadilika ladha, kwa hiyo kuonja si kipimo.

Usidhani ni ugonjwa wa ng'ambo tu. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za watu waliougua botulizimu hapa Kenya baada ya kula kumbikumbi. Na mbegu hizo hizo huweza kuwa ndani ya asali, ndiyo maana mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 hapewi asali hata tone.

Basi mama, ukitaka mafuta ya kuchovya, tengeneza kidogo, ya mlo wa siku hiyo. Kitunguu kibichi au majani mabichi yakibaki ndani, weka kwenye friji mara moja na uyamalize kabla ya siku 4. Kama huna friji, mwaga yaliyobaki, ingawa najua bei ya mafuta hayo inauma. Pilipili na majani yaliyokauka kabisa yana hatari ndogo, kwa sababu kijidudu hiki kinahitaji maji.

Mtu akianza kuona vitu viwili viwili, kope zikilegea au akishindwa kumeza, mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo, usingoje kuche. Beba na ile chupa, umwonyeshe daktari.