Risasi nyumbani: Ayapasayo kuyajua mwenye bunduki Handeni na Korogwe

MWENYE bunduki halali katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kwa kawaida anajua leseni yake ameiweka wapi. Asichokijua mara nyingi ni hali ya risasi zake: zilinunuliwa mwaka gani, zinalingana kweli na silaha aliyonayo, na joto la chumba cha bati zinamokaa limezifanya nini.

Suala hilo si dogo katika maeneo haya. Kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe walinzi hulala na shotigani. Katika vijiji vya Handeni mfugaji anahofia fisi na wezi wa mifugo, na mkulima anahofia nguruwe pori. Upande wa Mkomazi, hifadhi ya taifa inapakana na makazi ya watu. Bunduki iko ndani ya nyumba hizo kwa sababu inayoeleweka, lakini risasi isiyofaa inaweza kumdhuru mwenye nyumba kabla ya kumfikia mwizi.

Bonde la silaha tangu zamani

Bunduki si ngeni katika bonde la mto Pangani. Katika karne ya 19, Wazigua walizipata mapema kutokana na biashara yao na miji ya pwani, na wakazitumia kuwasumbua majirani zao wa milimani. Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara aliyekuwa na makao Vugha, alifariki dunia mwaka 1862 akiacha dola iliyotegemea zaidi heshima ya kiti kuliko baruti.

Mwanawe Semboja alilisoma jambo hilo vizuri zaidi ya ndugu zake. Alijiimarisha Mazinde, ambayo leo imo katika Wilaya ya Korogwe, tambarare kwenye njia ya misafara, mahali ambapo bunduki na baruti vilipita kutoka pwani. Kwa silaha hizo alimshinda mrithi wa kiti cha Vugha. Aliyekaa karibu na baruti alimshinda aliyekaa juu ya mlima.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, Ubelgiji, yalitia saini mkataba uliozuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoachiwa nafasi, tena kwa masharti, ni zile za zamani za jiwe la kiberiti, zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Ni sehemu ya maelezo ya kwa nini gobore liliendelea kuishi vijijini wakati majeshi yalikwisha kulisahau.

Sheria inasemaje

Kwa sasa umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya awali, Sura ya 223. Jina lenyewe linataja risasi, na si kwa bahati. Risasi hununuliwa kwa leseni ya silaha inayozitumia. Anayekutwa na risasi asizokuwa na leseni ya silaha yake yuko katika kosa hata kama hana bunduki yoyote ndani ya nyumba.

Maombi huanzia chini, kwa serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kamati za ulinzi na usalama hadi polisi wa wilaya na mkoa. Mwombaji hutakiwa kueleza sababu ya kuhitaji silaha. Silaha za kijeshi zinazofyatua mfululizo haziruhusiwi kwa raia, na kwa hiyo risasi za SMG hazina mahali halali pa kukaa katika nyumba ya mtu binafsi. Anayeziokota porini au kuzirithi kwa marehemu anapaswa kuzipeleka polisi.

Mwaka 2016 ulifanyika uhakiki wa silaha nchi nzima. Aidha, Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Kwa mwaka 2023 kipindi hicho kilikuwa miezi ya Septemba na Oktoba. Magobore nayo yanaguswa. Dhana kwamba gobore la babu halihitaji karatasi ni ya kujidanganya.

Kuhusu kujilinda, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kulinda mali, kwa nguvu isiyozidi inayostahili. Mwizi wa kuku anayekimbia akiwa amegeuza mgongo hajawa tishio kwa maisha ya mtu. Mahakama huuliza hatari ilikuwa kubwa kiasi gani wakati risasi inafyatuliwa. Hasira ya mwenye kuku haihesabiwi.

Raifo au shotigani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Raifo ina sifa ya kufika mbali, na katika kulinda nyumba sifa hiyo ndiyo kasoro yake. Kichwa cha risasi ya raifo kubwa hutoka mtutuni kwa kasi ya kati ya mita 700 na 900 kwa sekunde, na kikielekezwa juu kidogo kinaweza kwenda zaidi ya kilometa 3. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huidharau kama ya kuulia ndege, hupita kilometa moja.

Sasa iwekwe risasi hiyo katika kijiji cha nyumba za miti na udongo. Ukuta wa namna hiyo hauizuii. Hupenya wa kwanza, ikapita chumba, ikapenya wa pili na kuendelea kwa jirani. Matofali ya kuchoma yanasaidia zaidi, ila si ya kutegemewa.

Kwa anayemiliki raifo tayari, zipo aina mbili za vichwa anazopaswa kuzitofautisha. Kile kilichofunikwa chote kwa gamba gumu la chuma hupenya sana na hakibadiliki umbo. Kile chenye ncha laini ya risasi tupu hutanuka kinapogonga na kupoteza nguvu mapema zaidi. Cha pili ndicho cha wawindaji, na ndicho chenye hatari ndogo zaidi kwa majirani, ingawa neno "ndogo" lisimpe mtu faraja kubwa mno. Kwa wanyama wakubwa na hatari kama nyati na tembo, kanuni za uwindaji nchini zinataka raifo isiyopungua kipimo cha .375. Hii ina maana kwamba mwenye .22 hana la kufanya mbele ya tembo ila kuondoka na kuwaita askari wa wanyamapori.

Shotigani hutoa gololi zinazotawanyika na kupoteza nguvu mapema. Gololi ndogo za ndege huishiwa nguvu ndani ya mita mia kadhaa. Zile kubwa na chache, ambazo madukani hujulikana kwa herufi SSG, huenda mbali zaidi na hupenya mlango wa mbao bila shida. Kwa nyumba iliyozungukwa na nyumba nyingine, shotigani ndiyo chaguo la busara zaidi.

Kuoanisha risasi na silaha

Kanuni ni moja: kinachoandikwa kwenye mtutu lazima kiwe sawa na kinachoandikwa kwenye kitako cha ganda. Si karibu sawa. Risasi inayoingia kwenye chemba si lazima iwe ya silaha hiyo.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa shotigani. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ikitiwa kimakosa katika bunduki ya namba 12 huteleza na kukwama mtutuni. Mwenyewe anapofyatua na kusikia kimya, hudhani hakutia kitu, akaongeza ya namba 12 nyuma yake. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Kwa ajili ya ajali hizo watengenezaji walikubaliana kuzipaka risasi za namba 20 rangi ya njano, ili mtu azitambue hata kwenye mwanga wa kibatari.

Urefu nao ni mtego. Risasi ya milimita 76 huingia vizuri katika chemba ya milimita 70, kwa kuwa ganda lake likiwa limekunjwa ni fupi. Linapofunguka wakati wa kufyatua, hukosa nafasi na shinikizo hupanda kupita kiasi. Bunduki za zamani, zilizoingia nchini enzi za mkoloni na ambazo bado zipo mikononi mwa familia, zinaweza kuwa na chemba fupi zaidi. Fundi apime kwanza.

Joto, unyevu na mkanda wa ngozi

Risasi ina sehemu nne: ganda la shaba au plastiki, fataki kwenye kitako, baruti isiyotoa moshi, na kichwa au gololi. Baruti hiyo huchakaa yenyewe polepole kwa kikemikali, na huwekewa kiungo cha kuchelewesha uchakavu. Joto huharakisha kazi hiyo. Mji wa Korogwe uko bondeni na joto lake linafahamika. Dari ya nyumba ya bati adhuhuri ni mahali pabaya kabisa. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto linaweza kupita nyuzi 60.

Zikihifadhiwa mahali pakavu penye ubaridi wa wastani, risasi za kiwandani hudumu miaka mingi. Ziachwe katika boksi lake la awali, kwa kuwa boksi ndilo lenye maelezo, na tarehe ya kununua iandikwe juu yake. Boksi litiwe ndani ya kopo la chuma au plastiki lenye kifuniko cha mpira, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu kama vinavyokuja na viatu vipya. Za zamani zitumike kwanza.

Mkanda wa ngozi, ambao wazee hupenda kuuning'iniza ukutani ukiwa umejaa, ni adui. Dawa zilizotumika kulainisha ngozi hushambulia shaba na kuota ukungu wa kijani. Kosa jingine ni kuzipaka mafuta ili zing'ae: mafuta mepesi hupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Kitambaa kikavu kinatosha.

Risasi zifungiwe kwa kufuli mbali na bunduki, na ufunguo usikae juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba anajua uko. Zisiwe jirani na mafuta ya taa wala mtungi wa gesi. Risasi ikiungua nje ya mtutu hupasuka bila kichwa kuruka kwa kasi ya kufyatuliwa, lakini vipande vya ganda vinatosha kumtoa mtu jicho.

Baruti nyeusi ya magobore ni jambo jingine. Hiyo hulipuka kwa cheche moja, hunyonya unyevu na mabaki yake hula mtutu. Baruti ya kutengeneza kienyeji haina kipimo, na anayeitia anakisia. Umiliki wa baruti, kando na sheria ya silaha, unaguswa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963.

Ukubwa wa hatari ya hifadhi mbovu Watanzania waliushuhudia Dar es Salaam, pale maghala ya jeshi yalipolipuka Mbagala Aprili 29, 2009 na Gongo la Mboto Februari 16, 2011. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20. Boksi la risasi 25 chini ya kitanda haliwezi kulinganishwa na ghala la mabomu, lakini uchakavu wa baruti hufuata kanuni zile zile za kemia.

Risasi inapogoma

Bunduki ikigoma, mtutu ubaki umeelekezwa mahali salama kwa sekunde 30 kabla ya kufungua chemba, kwa kuwa fataki iliyochoka huweza kuchelewa kuwaka. Ikitoa mlio hafifu usio wa kawaida, isifyatuliwe tena hadi mtutu uchunguliwe, bunduki ikiwa tupu. Huenda kichwa kimebaki ndani.

Risasi zenye kutu, zilizobonyea au zilizolowa mafuriko zisitupwe chooni, zisizikwe wala kuchomwa. Zipelekwe kituo cha polisi pamoja na leseni. Zikipotea au kuibwa, taarifa itolewe mara moja katika kituo hicho hicho.