Laikipia: Ardhi Iliyogawanywa na Maji

Kwa Kimaasai, Ewaso Ng'iro ni mto wa maji ya kahawia. Unakusanya vijito vya Mlima Kenya na Aberdare, unapita uwanda wa Laikipia, unateremka Samburu, kisha unaishia katika kinamasi cha Lorian. Uwanda wenyewe uko juu, mita 1,700 na zaidi, lakini ni mkavu, kwa kuwa mlima umeukinga mvua.

Wafugaji waliutumia kwa kuhama. Mvua ikinyesha, ng'ombe walikwenda malisho ya mbali. Kiangazi kikibana, walirudi mtoni. Mkataba wa 1904 na serikali ya kikoloni uliwahamishia Wamaasai Laikipia kutoka Bonde la Ufa, na ule wa 1911 ukawang'oa tena. Walikwenda mahakamani, kesi ikatupwa mwaka 1913. Walowezi wakaweka ranchi, na seng'enge zikakata njia za mifugo kwenda majini. Dhuluma hiyo haijasahaulika.

Baada ya uhuru, kampuni za wananchi zilinunua baadhi ya ranchi na kuwagawia wanachama viwanja. Mchoraji alipiga mistari kwenye ramani, mto haukumshughulisha. Mtu aliyetoka nyanda za mvua na mbegu yake ya mahindi alijikuta na ekari chache za vumbi, maji yako kilomita kadhaa. Wengi hawakuhamia kabisa. Katika viwanja vyao sasa inalishwa mifugo ya wengine, na ugomvi hauishi.

Walioko karibu na mlima walibahatika. Kuanzia Timau hadi Naro Moru mifereji na mabomba yanashusha maji mashambani, na tangu miaka ya 1990 waridi na mishiri (maharagwe mabichi) ya kuuzwa Ulaya vimetanda.

Bei yake inalipwa chini. Tangu miaka ya 1980, mto umekuwa ukikauka Archer's Post, mji wa Samburu, katika viangazi vikali. Sheria ya Maji ya 2002 ilizitambua jumuiya za watumiaji maji, zinazopanga zamu na kufunga mabomba ya wizi. Ni kazi ya maana, ingawa anayechota juu bado humtangulia wa chini.

Huko Samburu, vijana huchimba mchanga wa mto uliokauka hadi kina kinachozidi kimo cha mtu. Husimama ngazi kwa ngazi wakipokezana ndoo, wakiimba, maji yakimiminwa kwenye hori. Ng'ombe wao huijua sauti hiyo, nao hushuka ukingoni.