Chuo cha asubuhi, chuo cha alasiri

Vifuu vinne vimepangwa juu ya mafiga ya kuchezea. Kimoja kina mchanga, na mchanga leo ni mchele. Kingine kina simbi, nazo ni nyama. Mpishi ana miaka minne. Kabla hajagusa chochote, mwalimu alimuuliza atafanya nini asubuhi hii, akajibu bila kusita: pilau. Akishamaliza na kunawa mikono ataketi mkekani na wenzake, aeleze pilau ilivyokwenda na ni nani aliyemnyang'anya mwiko. Anayechungulia kutoka mlangoni huona watoto wanacheza tu. Wazazi wengi nao waliona hivyo hivyo siku za mwanzo, wakauliza kama karo yao inalipia mchezo.

Mchezo huo una umri wa miaka arubaini hivi katika mwambao wetu, na ulizaliwa Mombasa kutokana na malalamiko.

Kwanza tuseme juu ya chuo cha Kurani. Kabla serikali yoyote haijawaza elimu ya awali, mtaa wa Waswahili ulikuwa na mahali pa kuwapeleka wadogo: barazani kwa maalim, ukumbini mwa nyumba yake, au ubavuni mwa msikiti. Nimekaa kwenye mkeka huo mimi mwenyewe, nikianza na alifu kwa ujiti, mbele ya maalim ambaye bakora yake ilikuwa ndefu kiasi cha kufika safu ya nyuma bila yeye kuinuka. Lakini chuo hakikuwa darasa peke yake. Mama aliyekuwa na shughuli zake sokoni alijua mwanawe yuko wapi mpaka adhuhuri. Mtoto akihitimu, chakula hupikwa na majirani hula. Mgonjwa akihitaji dua, watoto wa chuo hupelekwa wakamsomee. Hapo ndipo mtaa ulipokuwa ukikutana kwa ajili ya watoto wake.

Tatizo lilikuwa ng'ambo ya barabara. Shule za msingi za mjini zilizosifika kuwa nzuri ziliwasaili watoto kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na mtoto aliyekwisha kuhifadhi nusu ya Juzuu Amma alitoka kwenye usaili huo ameshindwa, kwa sababu hakuulizwa Juzuu Amma. Aliulizwa rangi, hesabu, na Kiingereza kidogo. Kilio chenyewe kilikuwa cha zamani. Mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha gazeti la Al-Islah na kuwahimiza Waislamu wa pwani wasiiogope elimu ya dunia. Nusu karne baadaye hofu ilikuwa imepungua sana, lakini mlango wa darasa la kwanza ulikuwa bado mwembamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa Mombasa walilifikisha jambo hilo kwa Aga Khan wa nne, wakamwomba msaada wa kuinua elimu ya watoto wao. Shaka haikukosekana. Aga Khan ni imamu wa Waismailia, na Waislamu wengi wa pwani ni Masunni wa madhehebu ya Shafii. Wako waliojiuliza kama msaada huu hauna ndoana ndani yake. Shaka hiyo haikuondolewa kwa hotuba. Kazi alikabidhiwa mwalimu mzoefu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, mwanamke Mwislamu aliyewajua watu na wao wakamjua. Alianza kwa kupita mitaani, akikaa na wazazi na walimu wa vyuo na kuwasikiliza. Wengi waliozungumza naye walitaka mambo mawili kwa pamoja: mtoto asiipoteze Kurani, na asirudishwe mlangoni mwa shule.

Shule ya kwanza ilifunguliwa Liwatoni, Mombasa, mwaka 1986. Jina lililobaki ni madrasa, nalo lilichaguliwa vizuri, maana halikuwatisha watu. Mafunzo yalichanganya dini na dunia katika asubuhi moja. Mtoto alianza kwa bismillahi, akaimba kwa Kiswahili, akahesabu vizibo vya chupa, akajifunza adabu ya kusalimu na adabu ya chakula.

Njia ya kufundisha ilitoka mbali, na hili huwashangaza wengi. Ilitoka Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, Marekani, ambako mwaka 1962 David Weikart na wenzake walianzisha shule ya Perry kwa watoto Weusi wa familia maskini. Utafiti wao, uliofuatilia watoto 123 mpaka wakawa watu wazima, ndio ulioipa umaarufu taasisi ya HighScope. Kiini chake ni hatua tatu: mtoto apange, afanye, kisha akumbuke na kusimulia. Mombasa hatua hizo zilivishwa kanga. Badala ya vifaa vya dukani palikuja vifuu, simbi, kokwa za maembe, makuti, mabaki ya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani. Chumba kiligawanywa kona: kona ya nyumbani, kona ya vitabu, kona ya kujenga, kona ya sanaa. Akina mama waliitwa kuja kutengeneza vifaa hivyo. Mama aliyeshona mwanasesere kwa mkono wake haulizi tena kwa nini mtoto anacheza naye.

Hata hivyo, wanaoisifu Michigan nadhani wanaitazama kona isiyo yake. Kilichoifanya madrasa isimame ni makubaliano na mtaa. Mtaa haukuletewa shule. Mtaa ndio ulioomba, nao ukapewa masharti: utafute chumba, uchague kamati ya kuiendesha shule, wakiwemo wanawake, na uwatoe wasichana na akina mama wa papo hapo wakafundishwe ualimu. Ofisi ya mpango ilileta mafunzo na wakufunzi waliorudi tena na tena darasani kukaa na mwalimu. Baada ya miaka kadhaa shule ilipimwa, na ikifikia kiwango ilihitimu, kwa sherehe na cheti, kama mtoto wa chuo anavyohitimu. Tangu hapo ni mali ya mtaa, pamoja na madeni yake.

Wale walimu wanastahili aya yao. Wengi walikuwa wanawake ambao shule ziliwaacha mapema, na hawakuwa na matarajio ya ajira. Mwanamke aliyekuwa akijulikana kama mama fulani akaanza kuitwa mwalimu, akisimama mbele ya kamati yenye wazee wa msikiti na kueleza kwa nini darasa lisizidi idadi fulani ya watoto. Mitaani, mabadiliko hayo yalionekana mapema kuliko alama za mtihani.

Mpango ulivuka bahari mwaka 1990 kwenda Zanzibar, na mwaka 1993 ukafika Kampala. Hatimaye shule zikawa takriban 200 katika nchi tatu. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walipochapisha utafiti wao mwaka 2008, walionyesha kwamba watoto waliopitia shule yoyote ya awali waliendelea vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa madrasa waliwazidi wenzao wa shule nyingine.

Fedha zilikuwa habari nyingine. Karo ilikuwa ndogo, na mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo zaidi. Pakaanzishwa mfuko: mtaa uchange, wafadhili waongeze, fedha ziwekezwe, faida isaidie shule. Ni wazo zuri, lakini faida ya mfuko mdogo ni ndogo, na mwalimu halipi kodi ya nyumba kwa wazo. Halafu Januari 2003 serikali ya Rais Kibaki ikafuta karo katika shule za msingi Kenya. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa na haki. Lakini mzazi mwenye shilingi za kuhesabu alipiga hesabu yake: kwa nini alipie chekechea ilhali darasa la kwanza ni bure? Vyumba vya awali vikapungukiwa na watoto, na walimu wakapungukiwa na mshahara. Katiba ya 2010 ilipozipa kaunti jukumu la elimu ya awali, zikaja ajira na madarasa mapya, na shule ya mtaa ikajikuta na jirani asiyetoza karo.

Zanzibar mambo yalikwenda kwa njia yake. Sera ya elimu ya 2006 iliiingiza elimu ya awali katika elimu ya msingi, na katika miaka hiyo hiyo vikatokea vituo vya TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, ambako watoto hukusanyika wakafuata vipindi vya redio nyumbani kwa mtu au chini ya mti. Vifaa ni redio, mkeka na mlezi wa hapo kijijini. Wa kutoka Liwatoni akipita hapo hatahitaji kuelezwa sana.

Mahali ambapo madrasa ya awali na chuo hutumia chumba kimoja, asubuhi humalizika kwa kazi ambayo haimo katika mtaala wowote. Vifuu hukung'utwa mchanga, simbi huhesabiwa zisipotee, kona ya nyumbani hukunjwa na kusukumwa ukutani, kisha sanduku hufungwa. Mpishi wa pilau ndiye aliyekabidhiwa ufagio leo. Anafagia upesi, maana kaka yake yuko tayari mlangoni na msahafu mkononi, na maalim hapendi kukuta mchanga kwenye mkeka wake.